Kamera Iliyoinuliwa kwa Ajili ya Kuku

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo, patasi na ukuta. Karakana ilikuwa nyuma ya soko, hapa Sumbawanga mjini, na mwenye karakana tulimwita Fundi Mkuu, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mfupi, mkali, na sweta lake hakulivua mwaka mzima. Alinitazama kuanzia kilemba hadi suruali niliyoivaa chini ya kanga, akasema, "Skolastika, wasichana wenzako wanajifunza kushona." Nikamjibu kwamba sindano naijua, ila haiwashi taa. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini hakunifukuza, na kwa mtu kama yeye huko kulikuwa kukaribishwa.

Akaniamuru nitoboe tundu la kupitisha waya kutoka nje hadi ndani. Nikatoboa, limenyooka vizuri, nikasimama kando nikingoja sifa. Fundi Mkuu akachukua kikombe cha maji akayamwaga ukutani kwa nje. Maji yakaingia tunduni, yakateremka hadi sakafuni mwa karakana.

"Tundu lako linakunywa maji, Skola," akasema. "Toboa jingine. Kwa nje liwe chini, kwa ndani liwe juu, mvua ishindwe kupanda."

Kisha akanifundisha kile alichokiita tumbo la waya. Kabla waya haujaingia tunduni, unauacha uning'inie kidogo chini ya tundu, ujikunje kama tumbo. Maji yanayofuata waya yakifika kwenye tumbo yanadondoka, hayaingii ndani. Nimeingia nyumba za watu wenye uwezo wao nikakuta televisheni imekufa kwa kukosa tumbo tu. Nikikumbuka hilo nakasirika, kwa hiyo tuendelee.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Kipili, ziwani, kwenye ghala la samaki. Msimamizi wa Ghala alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kanzu safi kuliko sehemu yoyote inayonuka samaki inavyostahili. Huko nilijifunza kutu. Skrubu niliyoifunga leo ilikuwa nyekundu baada ya muda mfupi tu, na Msimamizi alikuwa akipita akiigusa kwa kidole. "Binti yangu," aliniambia, "unafunga kama mtu anayeondoka kesho. Funga kama mtu atakayeulizwa." Halafu alinipa samaki wa migebuka wa kukaanga nikale. Nilirudi mjini nimenenepa, na tangu hapo skrubu nafunga zile zisizoshika kutu.

Baadaye nikapelekwa kijijini Kate, kufunga taa za sola kwenye zahanati. Msimamizi wa pale alikuwa sista mmoja mrefu, mpole wa sauti, asiyekubali kazi ya ovyo. Nilifunga taa nzuri katikati ya chumba cha kungojea. Alikuja, akaitazama, akaniuliza, "Skola, umeuliza wagonjwa wanakaa wapi?" Nikamwonyesha mabenchi. Akanishika mkono akanitoa nje. Kina mama wote walikuwa barazani, wamejipanga ukutani wakiota jua, maana baridi ya Ufipa haimwachi mtu akae ndani asubuhi. Chumbani hakukuwa na mtu hata mmoja. Taa niliihamisha siku hiyohiyo, nikinung'unika.

Kamera zilipofika Sumbawanga, Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kuacha kazi na karakana nilikuwa naiendesha mimi. Vijana wakaniita Mama Kamera. Nawaambia ninyi mnaoanza, kamera ya nje ya nyumba haina uchawi wowote, ingawa kusema hivyo katika mji wetu ni kujitafutia maswali. Ni jicho, sikio na mdomo mdogo ndani ya kopo la plastiki. Waya mmoja unaipa umeme na kupeleka picha kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti cha sebuleni, na ruta inazipeleka kwenye simu ya mwenyewe, hata akiwa Dar es Salaam. Kopo lenyewe anaweza kulifunga yeyote mwenye bisibisi. Waya ndio unaomwonyesha fundi.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ni ya kijijini Mollo. Deus, mtoto wa pekee wa Mama Deus, alikuwa na kazi ya ofisi Dar es Salaam. Mama yake alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, barabara mbele, mahindi na ulezi nyuma. Deus akanipigia simu. "Shikamoo fundi. Nataka nimwone mama kila siku. Nikishikwa na wasiwasi nifungue simu nimwone." Nilimpenda kwa maneno hayo.

Mama Deus alikuwa ajuza, lakini ulimi wake ulikuwa bado msichana. Nilipopanda ngazi aliishika kwa chini, akiniangalia.

"Skola, mtu mzima wewe unapanda kama ngedere. Huyo Deus akitaka kuniona si aje?"

"Anaogopa wezi, mama."

"Mwizi aje achukue nini, magoti yangu?"

Kamera niliiweka juu ya mlango, chini ya upenu, mvua isiifikie na mkono wa mtu usiifikie. Tundu nikalitoboa kwa kupanda. Waya nikaupitisha ndani ya bomba la plastiki, nikaubana ukutani, nikautenga na waya wa umeme wa nyumba ili picha isichafuke, na kabla ya tundu nikauachia tumbo lake. Radi zetu mnazijua, kwa hiyo nikahakikisha na waya wa ardhini wa nyumba ni mzima. Ilikuwa kazi safi. Fundi Mkuu angeikosoa kidogo tu.

Tatizo lilikuwa kuku. Kamera za siku hizi zikiona kitu kinatembea zinatuma taarifa kwenye simu, na kuku wa Mama Deus hawakujua kutulia. Deus akapiga tena, safari hii ananong'ona. "Fundi, niko kikaoni, simu inalia, nafungua nakuta jogoo ananikodolea macho. Bosi ameona. Niondolee hawa kuku."

Nikapanda, nikaliinua jicho la kamera likaangalia juu zaidi, kuku wakabaki chini ya picha. Nikasimama mbele ya mlango kujaribu. "Nakuona vizuri, fundi, kuanzia kifuani kwenda juu," akasema Deus. Mwizi huja amesimama, kwa hiyo tuliridhika wote. Simu ya Deus ikatulia.

Ikatulia mno. Wiki chache baadaye alinipigia, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Fundi, mama hayuko sawa. Jioni namuuliza nani alikuja leo, ananitajia watu tele. Mke wa katekista, jirani wa nyumba ya pili, watoto wa kipaimara. Nafungua kamera naangalia siku nzima, hakuna mtu. Uwanja mtupu. Halafu nasikia makofi. Anapiga makofi, upepo unameza maneno, anacheka. Peke yake, fundi. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Nimeshamwandalia chumba huku. Nyumba tutapangisha."

Nilikwenda Mollo siku hiyohiyo. Mama Deus alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta, na hakunitania hata kidogo, jambo ambalo lilinitisha kuliko simu ya Deus.

"Anataka nikakae ghorofani," alisema mwishowe. "Ghorofani nitamwitikia nani? Baba yake amelala pale nyuma ya ulezi, nimwache na nani? Na nikimwambia watu wamekuja, ananijibu 'sawa mama', kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikaukagua waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Tumbo kavu, tundu kavu, ruta inawaka, picha kwenye simu yangu safi kabisa. Sikuona kosa lolote. Nikaketi mkekani karibu na Mama Deus, simu mkononi, picha ya kamera ikiwa bado iko wazi.

Ndipo mke wa katekista alipotokea. Hakupita getini. Nani wa jirani anapita getini? Alikuja kwa njia ya shambani, akazunguka kona ya nyumba, na palepale konani akachuchumaa na kuanza kupiga makofi polepole, akimsalimu mkubwa wake kwa Kifipa kama tunavyosalimu sisi. Mama Deus akaitikia, naye akapiga makofi yake. Na mimi nikachuchumaa, mdogo kwao wote wawili, nikaungana nao. Kisha macho yangu yakaangukia simu.

Kwenye picha kulikuwa na geti, barabara na uwanja mtupu. Na makofi.

Nilicheka mpaka mke wa katekista akauliza kama naumwa. Tulikuwa wanawake watatu mbele ya mlango ule, na kamera haikumwona hata mmoja. Tulipowaondoa kuku tuliondoa na adabu, maana huku kwetu kuku na adabu hukaa kimo kimoja. Na salamu zikiisha mgeni hasimami, anaketi mkekani chini ya ukuta kuota jua, tena karibu kabisa na miguu ya ile kamera. Nilimkumbuka sista wa Kate na swali lake, nikajisikia kama binti mdogo.

Nikapanda ngazi, nikalishusha jicho la kamera mpaka mkeka wote ukaonekana, na nusu ya kuku wa Mollo. Nikampigia Deus. "Fungua simu yako, sasa hivi."

Akafungua. "Yule si mke wa katekista?"

"Ndiye."

"Na yule anayekuja kwa kona?"

"Jirani wa nyumba ya pili. Ndio watu wa mama yako wale, Deus. Wanakuja kila siku, wanachuchumaa, na sisi tunaangalia juu ya vichwa vyao."

Nilisikia akishusha pumzi. Kisha akautumia ule mdomo wa kamera, na sauti yake ikatoka juu ya mlango. "Mama, shikamoo. Mama, nisamehe."

Mama Deus akainua uso. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini ulimi ulikuwa umerudi kazini. "Nani huyo anayenisalimu amekaa kitini?"

"Mama, niko ofisini."

"Na mimi niko kwangu. Wenzako wote hapa wako chini."

Jirani akaacha kutafuna. Kisha tukasikia kiti kikiburuzwa, huko Dar es Salaam, na baada ya kiti, kutoka ukutani, yakaja makofi. Polepole, kama alivyofundishwa mtoto wa nyumba ile. Baadaye alituambia wenzake ofisini walidhani ameangusha kalamu.

Mama Deus alimwitikia yote. Alimuuliza habari za mke, za watoto, za kazi, za mvua, na Deus akajibu moja moja kwa Kifipa chake kilichoanza kukakamaa, hakuruka hata moja. Nililia, siwafichi. Mwisho wa mwezi alikuja kweli, lakini alikuja na begi dogo la kukaa siku chache, na mambo ya chumba na kupangisha nyumba hakuyataja tena. Kuku nao aliwavumilia. Alisema jogoo akiita kikaoni anajua kwao kuko salama.

Siku hizi sipandi ngazi tena. Drili nimewaachia vijana, nao wananieleza habari za kamera zisizo na waya kana kwamba wananitangazia kifo cha ndugu. Sawa, fungeni. Lakini kabla hamjatoa bisibisi mfukoni, kaeni kwanza na mwenye nyumba mkekani, mwone wageni wake wanatokea upande gani na wanakaa wapi. Tundu lipande, waya uwe na tumbo. Mengine mtajifunza kwa kukosolewa, kama mimi.

Jumapili baada ya misa naenda Mollo kumjulia hali Mama Deus. Nazunguka kona, nachuchumaa taratibu, maana magoti yangu nayo yamestaafu, napiga makofi, naye anaitikia. Mara ukuta nao unaanza kupiga makofi juu yetu, Deus keshaniona. Kila mara nashikwa na kicheko nachelewa kujibu, na kila mara Mama Deus hunigusa bega.

"Itikia upesi, Skola," husema. "Mtoto bado amechuchumaa."