Kochi Lililogoma Mlangoni

Fundi makochi wa mtaa wetu, tuliyemwita Sponji, alikuwa na soriasisi viwikoni na kisogoni: mabaka yenye magamba meupe, yaliyomwasha mpaka akawa anajikuna kwa brashi ya kusafishia vitambaa. Dawa ya kupaka alikuwa nayo. Aliitumia siku za harusi tu.

"Baba, paka dawa," binti yake, muuza dawa, alimwambia. "Watafiti wameona wenye ngozi kama yako wanapata ugonjwa wa kusahau uzeeni zaidi kidogo kuliko wengine. Labda ule moto wa kwenye ngozi unafika hadi kwenye ubongo. Bado wanachunguza."

Sponji alisikia neno moja tu: kusahau. Kesho yake alilifungia kabatini daftari la vipimo vya makochi ya wateja.

"Kichwa changu nakijua," alimwambia mkewe. "Vipimo vyote vitakaa humu."

Wiki mbili baadaye alimpelekea mwalimu mstaafu kochi lake. Wapagazi wakalilaza, wakalisimamisha, wakaling'oa miguu. Likakwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mwalimu akiwa ndani hana pa kutokea.

"Fundi," aliita kupitia upenyo, "mimi niliagiza la watu wawili. Hili la wangapi?"

"Watano, mwalimu."

Walipolikata na kumtoa mwalimu, Sponji alikwenda moja kwa moja kliniki, jasho likimtiririka.

"Daktari, ubongo ndio huo umeondoka," alisema, akamsimulia ya kochi na ya binti yake.

Daktari akamhesabisha kinyumenyume, akamtajia maneno matano na kumuuliza tena baadaye. Sponji alipata yote, na akamwonyesha kwamba saa ya ukutani ya kliniki imechelewa dakika saba.

"Vipimo vya kochi ulivisahau vipi?"

"Sikuvisahau. Vilichanganyika na vya mteja wa hoteli. Sikuandika."

"Huo ni ubishi, mzee wangu, na dawa yake sina. Ngozi hii si hukumu ya ubongo. Wengi wanayo na wanazeeka na akili zao timamu. Ila binti yako hakukosea. Tibu ngozi, lala vya kutosha, pima presha."

Sponji alirudi nyumbani mwepesi kama pamba. Siku hizi anapaka dawa asubuhi na jioni, na mabaka yamefifia. Linalomkera ni moja: mkewe anajua majibu ya daktari, kwamba kichwa chake ni kizima. Akimtuma sabuni na yeye akarudi mikono mitupu, hamuulizi kama amesahau. Anamwonyesha mlango, arudi dukani.