Chakula cha Watu wa Kwenu

Nimebadilisha kazi mara nyingi, kutoka River Road hadi Dagoretti, na kila mahali napakumbuka kwa harufu. Hoteli ya Ngara ilinuka maharagwe na mahindi ya githeri. Tulikuwa wanne: mama mwenye hoteli, mpishi, mimi nikihudumia meza, na dada wa kuosha vyombo. Mama na mpishi walikuwa watu wa Kiambu. Mimi nilizaliwa hapa mjini. Dada alitoka magharibi mwa nchi.

Mjengo ulipoanza ng'ambo ya barabara tulidhani mambo yametunyookea. Mafundi wakapita mlangoni petu wakaenda kula kwingine. Mama akasema meza zikiendelea kukaa tupu, mwisho wa mwezi atamrudishia landilodi chumba chake. Kisha akatuketisha sote tushauriane, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

"Wengi pale ni watu wa kwenu," akamwambia dada. "Wanakula nini?"

"Ugali, nini kingine?" mpishi akadakia. "Hao wakikosa ugali hata ndoto hawaoti."

"Na nyinyi mkikosa viazi si mnazimia?"

Tulicheka. Dada akaendelea, "Mama, chakula si shida. Saa nne wanatoka kunywa chai, na sisi ndio kwanza tunawasha moto. Saa saba wako na haraka, githeri haijaiva."

"Sijakuuliza mambo ya saa. Nimekuuliza chakula cha kwenu."

"Kazi yangu iko hapa, Mama. Kwetu hakuonekani kutoka kwa hii sinki."

Ikaamuliwa ugali na kunde. Nilikuja kuliona jambo hilo tena nilipokuwa tarishi ofisini: mtu wa mbali huitwa kikaoni aeleze habari za alikotoka, na akisema aliyoyaona papa hapa, huonekana ametoka nje ya mada.

Mpishi ndiye aliyeanza kuwasha jiko mapema, kimya kimya. Haukupita muda, chai ya saa nne ikajaza meza. Ugali mwingi ulibaki, tukawa tunaula wenyewe jioni. Chumba hakikurudishwa.

Wenzake wa kanisani walipomtembelea, Mama aliwaambia, "Mimi sibagui mtu. Kama singekuwa na huyu wa magharibi, mambo ya ugali ningeyajulia wapi?"

Nilimuuliza dada mbona hamwambii ukweli kuhusu chai.

"Nimwambie ndio kesho aniulize watu wa kwetu huamka saa ngapi?"