Mupira Ni Mupira

Mupira wa tatu ulipasuka pale daraja la miti linapoishia na njia inaanza kupanda kwetu. Sikuanguka. Nilishuka, nikaona gurudumu la nyuma limekaa juu ya mawe bila hewa hata kidogo, nikasimama na blauzi imelowa maziwa pande zote mbili. Ilikuwa saa sita imepita. Kule juu mutoto wangu alikuwa analia, na kupanda kilima kile kwa miguu ni kumaliza pumziko lote la saa sita.

Nilifungua gurudumu palepale, nikachomoa mupira wa ndani, nikarudi nao ku duka ya daraja. Mwenye duka alikuwa anapimia wamama wawili chumvi. Aliponiona akacheka.

"Mama mwalimu, tena?"

Nilizunguka meza yake, nikamuvika ule mupira shingoni, nikauvuta chini mpaka ukakaa vizuri juu ya kifua.

"Sasa pima," nilimwambia.

Nieleze mambo yalivyoanza, sababu kisha watu wa kilima walisema eti uzazi ulinipanda kichwani.

Kwetu baiskeli tunaiita kinga. Yangu ilikuwa kinga ya mbio. Muzungu mumoja wa mashamba ya kinkina, ile miti ya dawa ya malaria, aliiacha alipoondoka Masisi, bwana yangu akaichukua kwa kazi aliyokuwa amemufanyia. Magurudumu yake yalikuwa membamba, hayafanani na yale ya kinga nzito zinazobeba mihogo na ndizi. Bwana yangu alipopata kazi Walikale, kwenye dipo ya magari, aliniachia ile kinga juu ya sababu moja: nifundishe ku masomo, shule ya kule chini, na saa sita nirudi kunyonyesha. Direkteri alikuwa amesema wazi, mutoto haingie mu klasi, na mwalimu anayekosa kengele ya saa nane atafute kazi ingine, kuna vijana wengi wenye diplome wanakaa tu bila kazi. Na mutoto alikataa kila kitu kisichotoka kwangu. Mama mukwe alimupa uji mwepesi kwa kijiko, akautema. Akamupa maziwa ya ngombe, akayatema juu yake.

Kwa hiyo nilipanda kinga, kitenge kimefungwa kiunoni, na vijana wa njiani walipata la kusema kila siku.

"Mama, unakimbilia wapi? Bwana iko Walikale, njia njo ile ingine."

"Ninakimbilia kwa bwana mudogo," niliwajibu. "Hana meno, lakini kelele yake inashinda yenu."

Mupira wa zamani ulipochoka, viraka juu ya viraka, nilienda ku duka ya daraja. Hapakuwa ingine. Sisi tunasema mupira kwa ule wa inje, tunasema mupira kwa ule wa ndani, na yule mwenye duka, sisi tunamwita Papa, alikuwa anauza yote kwa neno hilo moja. Nilimuonyesha namba iliyoandikwa pembeni ya mupira wa inje.

"Soma, Papa. Mia saba. Ninataka wa ndani wenye namba hii, mwembamba."

"Hiyo namba ni ya fabriki, Mama. Sisi hatuiangalie."

Alishusha mupira mumoja kutoka kwenye musumari, akaupima kwa mukono, toka ncha ya vidole mpaka begani, vile anapima kitenge. Akapima na wangu wa zamani. Urefu ulikuwa sawa.

"Unaona? Iko sawasawa."

"Urefu iko sawa. Unene je?"

"Mupira ni mupira, Mama. Hewa itaingia, itajaza."

Niliununua, sababu mutoto alikuwa analia. Mupira munene ndani ya gurudumu jembamba haupati nafasi ya kulala. Unajikunja, na pale ulipojikunja unajisaga mwenyewe mpaka unafunguka. Wangu ulifunguka kabla juma haijaisha. Nilirudi.

"Uliweka hewa mingi," akasema.

Akaniuzia mwingine, munene vilevile, na valvu yake, ile pua ya kupitishia hewa, ilikuwa nene pia, ikakataa kuingia kwenye tundu la janti, ile duara ya chuma inayoshika mupira. Nilivuka njia kuomba maji ya kunywa kwa jirani. Nikiwa na kikombe mukononi nikasikia nyundo. Niliporudi, Papa alikuwa amepigilia musumari mukubwa ndani ya tundu la janti yangu, akalipanua mpaka kidole changu kidogo kingeingia.

"Nani amekutuma?"

"Nimekusaidia, Mama. Sasa kila mupira utaingia."

Ule nao ulipasuka. Mara hii akaniangalia toka juu mpaka chini. "Wamama wakizaa wanaongeza kilo," akasema, na watu wa pale dukani wakacheka. Nikasukuma kinga mpaka nyumbani. Nilikuwa bado ninaweza kuvumilia.

Nilimutumia bwana yangu neno kupitia kwa shofere, na gari moja ikatoka Walikale na kifurushi cha majani makavu ya ndizi. Ndani mulikuwa mupira wa kweli, mwembamba kama utumbo wa kuku, namba yake ileile. Siku chache mutoto alishiba, mimi nilifika kabla ya kengele. Lakini valvu yake nyembamba ilikuwa inacheza ndani ya lile tundu lililopanuliwa. Niliifunga kitambaa, nikaifunga ngozi, ikaendelea kucheza, na chuma cha tundu kikawa kinaikata polepole kwenye mizizi yake. Njo huo uliopasuka pale darajani. Mupira muzuri kabisa, na nyundo ya muntu mwingine.

Sasa Papa alikuwa anauvua shingoni, jasho linamutoka.

"Mama, umenitukana mbele ya watu wangu."

"Na wewe umemulaza mutoto wangu na njaa. Angalia mahali umepasuka, kwenye tundu ulilopiga."

"Enda kashitaki. Nani atasikiliza mwanamuke juu ya mupira?"

Mumoja wa wale wamama wa chumvi akasema polepole, "Mupira ni mupira, Papa," na mwenzake akaficha kinywa ndani ya kitenge.

Nilipanda kwa miguu, nikisukuma kinga. Mutoto alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, anapiga kwikwi tu. Alinyonya akiwa ananiangalia kwa hasira, na nilikuwa bado nimeketi wakati kengele ya saa nane ililia kule chini. Jioni Direkteri akatuma neno: mara moja tena, na nafasi yangu iko ya mwingine.

Asubuhi nilimufunga mutoto mugongoni, nikaenda biro ya shefu, ofisi ya chifu wetu, pale tribinali inasikiliza mashitaka. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu haijaguswa.

"Bwana yako iko wapi, Mama?"

"Walikale."

"Basi tumungoje. Mwanamuke wa ndoa hashitaki bila ruhusa ya bwana. Yeye njo atatia sahihi."

"Atakuja mwisho wa mwezi. Huyu atakula nini mpaka mwisho wa mwezi?"

Mutoto akaanza. Nilimutoa mugongoni, nikamupa ziwa palepale mbele ya meza. Karani akageukia dirisha.

"Kwani unataka niandike nini? Wizi? Hakuiba."

"Lete karatasi. Nitaandika mwenyewe."

Nilikifahamu Kifaransa chao cha tribinali. Niliandika Kiswahili, ili siku ya kusomwa yule Papa asikie kila neno bila mutafsiri.

"Kwa Mukubwa wa tribinali. Mimi, mwalimu wa masomo ya hapa, ninamushitaki mwenye duka ya daraja. Aliniuzia mara mbili mupira wa ndani munene kwa gurudumu jembamba, nami nilimusomea namba. Alipanua tundu la janti yangu kwa nyundo bila kuniuliza, na tundu hilo limekata mupira muzuri uliotoka Walikale. Ninaomba anipe janti nzima na mupira wa namba mia saba. Mpaka siku hiyo, ninaomba tribinali imuagize amubebe mutoto wangu kila saa sita toka kilimani mpaka kwenye mulango wa masomo, anyonye, kisha amurudishe. Kama mutoto analia njiani, ambembeleze. Ninatia sahihi mimi mwenyewe, sababu bwana yangu hanyonyeshi."