Kikombe cha Jumapili

Kwa miaka mingi nilijigamba kwa wenzangu wa mtaa wa Umoja kwamba mama yangu hufunga kila Jumapili. Nyumbani kwetu, kama kwa wengi waliotoka magharibi mwa Kenya, chai ya asubuhi ni sheria, lakini siku hiyo mama hakutia kitu kinywani mpaka ibada iishe na kwaya ivue majoho. Aliimba sauti ya kwanza, mstari wa mbele, nami niliamini utamu ule ulitokana na kufunga.

Kumbe alikuwa akiogopa mkojo.

Nililijua hilo mwaka jana, muuguzi alipokuja kanisani kuwaomba akina mama waliozaa washiriki utafiti wa kibofu na misuli ya nyonga katika zahanati ya mtaa. Wanakwaya wenzake mama walichekacheka wakitazama chini. Mama hakucheka. Jioni, akikata sukuma wiki, aliniambia kwamba tangu amzae kitinda mimba wetu, akikohoa anavuja, akipandisha sauti anavuja, na siku hizi hata pedi haitoshi. Alikuwa ameshaamua kuiacha kwaya mwezi ujao.

"Nitawaambia ni magoti," alisema.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama yangu alizaa watano, kisha akaficha. Nilikasirika, sijui hata na nani, na kesho yake nikampeleka kujiandikisha.

Tulipewa jagi lenye mistari na daftari. Kwa siku tatu aandike kila anachokunywa, kila anachokojoa na kila anapovuja. Sasa, mama alistaafu akiwa karani wa mafaili, na maisha yake yote hakuwahi kumpelekea mkubwa faili chafu. Alirudisha daftari lenye mwandiko wa kupendeza, na safu ya kuvuja tupu kabisa.

Muuguzi, msichana wa rika la kitinda mimba wetu, alilisoma mara mbili.

"Mama, hii daftari ni yako ama ni ya malaika? Siku tatu, vikombe viwili vya maji?"

"Si mlisema mnapima," mama akajibu. "Sikutaka kufeli."

"Hapa hakuna kufeli, mama. Tunataka siku zako za kawaida. Hata zile mbaya. Hizo ndizo zinatufunza."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba jambo lile lingeweza kumfaa mtu mwingine. Akaomba daftari jipya.

Wiki iliyofuata alirudi na daftari lenye alama za kuvuja mpaka pembeni mwa kurasa. Wakamlaza kitandani, wakampaka mafuta baridi chini ya kitovu, wakawasha mashine ya picha. Mimi nilikaa karibu na kichwa chake. Muuguzi akatuonyesha kwenye kioo cha mashine: ule weusi ni kibofu, na mstari mweupe chini yake ndipo msuli unapokishikilia.

"Vuta ndani kama unazuia mkojo na upepo pamoja. Usizuie pumzi."

Hakuna kilichosogea. Mara ya pili mama alikunja uso mzima, na bado hakuna. Mara ya tatu alitoa pumzi polepole, na ule mstari ukainuka. Kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Ukakaa, kisha ukashuka.

Nilishikwa na mshangao ambao sijauzoea hata kanisani. Msuli ule ulitubeba watoto watano, ukabeba ndoo za maji miaka ya mifereji mikavu, ukashikilia kila wimbo, na hakuna aliyewahi kuuona, hata mwenyewe. Ilikuwa kama kuonyeshwa msingi wa nyumba unamolala tangu utotoni. Mama alitazama kioo machozi yakimwingia masikioni.

"Kumbe bado uko," akasema.

Tangu hapo alivuta na kuachilia akikoroga ugali, akisuuza vyombo, akisubiri mchungaji amalize matangazo. Mwezi wa magoti ukapita bila tangazo. Hakupona kabisa, na muuguzi hakumwahidi hivyo.

Kisha Jumapili moja alikuja jikoni nikichuja chai, joho mkononi, amekwisha vaa viatu vya kwaya. Akavuta kiti.

"Nimiminie."

Nikammiminia nusu kikombe, kwa uoga wangu. Akakitazama, akakisukuma kunirudishia.

"Jaza," akasema.