Gauni la Kompyuta

Anayetaka kujua jinsi kompyuta inavyoweza kuitia nyumba ufa, aniulize mimi. Mpaka leo nikiingia ofisi ya mtu na kusikia feni ya mashine ikivuma, jambo la kwanza ni kuchungulia nyuma yake nione imefunikwa na nini. Watu hudhani nina wazimu.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo pale Morogoro. Soko huria lilipoingia, kiwanda kikatafutiwa mwekezaji. Mwekezaji akaja, akapita katikati ya mitambo mikono ikiwa nyuma, na baada ya muda watu wakapunguzwa. Baba akarudi nyumbani kwetu Mwembesongo na kiinua mgongo chake, na vita ikaanza. Mama ni Mluguru wa Matombo, na kwao ardhi hufuata ukoo wa mama. Mashamba yalikuwepo, migomba na michungwa na pilipili manga, na wajomba zangu walikwisha kutuma salamu kwamba nyumba ya kufikia ipo. Mama alitaka twende. Baba, mtu wa kuja kutoka mbali magharibi, hakutaka hata kusikia.

"Nikakae kwa shemeji zangu nisubiri kuonyeshwa pa kulima?" alisema. "Nitakuwa mgeni mpaka nazikwa."

Akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi na kompyuta ya mtumba. Sebule yetu ikageuzwa ofisi. Baba akaandika mlangoni kwa mkono wake kwamba tunachapa barua, risala na tafiti za wanafunzi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kusomea upigaji chapa, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Mama hakuingia mle ndani kwa wiki kadhaa. Alipita mlangoni na ndoo yake bila kugeuza shingo, utadhani baba ameleta mke mwenza.

Halafu nikamkuta uani na sindano ya kufumia na uzi mweupe. Nyumba yetu ilikuwa na vitambaa kila mahali, juu ya redio, juu ya viti, juu ya birika la wageni, vyote vya mkono wake. Lakini hiki hakikuwa kitambaa, kilikuwa gauni zima. Alilipimia lile sanduku la kompyuta lenyewe, akaacha wazi kitufe cha kuwashia na mdomo wa kuingizia disketi, kisha sehemu nyingine zote akazifunika hadi mezani, na kwa ndani akatia bitana nzito ya pazia la zamani ili vumbi la barabarani kwetu lisipenye. Akalivalisha mwenyewe na kulinyoosha pembe. Baba alilishika, akapapasa bitana, akasema, "Ahsante, mama watoto." Nilifurahi kuliko wote wawili. Nilijua kwamba mama amekubali tubaki mjini.

Msimu wa joto ulipofika, mashine ikaanza uvivu. Napiga herufi, inatulia kwanza kama inayojiuliza, halafu inaniletea tano kwa mpigo. Kubadili ukurasa, unaweza kwenda kuchota maji. Na mwanafunzi amesimama nyuma yako anahema, kesho anatakiwa kukabidhi utafiti. Mimi sina subira, nilikuwa naipiga kofi.

Kila mteja alikuwa na dawa yake. Wa kwanza akasema ni virusi vya disketi, baba akapiga marufuku disketi, mpaka tukagundua kwamba tumewafukuza wenye kazi. Mwingine akasema ni umeme, tukanunua stabilaiza. Mwishoni baba akaivua gauni, akaipakata kwenye basi mpaka Dar es Salaam. Fundi akaiongezea memori, akaijaribu juu ya meza yake, ikakimbia vizuri. Tukairudisha nyumbani, mama akaivalisha, na uvivu ukarudi. Jirani mmoja akaja kunong'ona kwamba mashine ile imefungwa na mtu wa karibu asiyeitakia heri. Baba alicheka, lakini baada ya hapo chakula akawa anakirudisha nusu.

Wateja walianza kuhamia ofisi mpya karibu na stendi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Wateja wakiisha, ni Matombo.

Asubuhi moja mama akalifua lile gauni, maana lilikuwa limepauka. Siku hiyo nilichapa utafiti wa kilimo cha kunde, majedwali na yote, bila kukwama hata mara moja. Alasiri gauni likakauka, nikalivalisha, nikaendelea, na baada ya muda mfupi herufi zikaanza kujikokota. Nikapeleka mkono nyuma ya sanduku. Lilikuwa moto kama kikaango cha chapati. Nikalivua gauni, nikazima, nikaacha ipoe, nikawasha. Ikakimbia.

"Baba!" nilipiga kelele huku nacheka. "Ni gauni! Ni gauni tu, linaizibia hewa!"

Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni wewe. Unaiua pole pole ili twende kwenu."

Nilidhani mama atamjibu, maana mdomo anao. Aliweka sinia chini, akalichukua gauni mikononi mwangu, akalikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akaondoka. Kesho yake alipanda gari lililoleta ndizi sokoni na lililokuwa linarudi tupu mlimani.

Kompyuta ilipona kabisa. Wateja wakarudi, baba akawa anawapokea kwa sauti ya juu na kuwasimulia jinsi tulivyogundua ugonjwa. Jina la mama hakulitaja. Nilimchukia siku zile, sifichi. Namchapia barua za watu, nampikia, namwamkia asubuhi, na moyoni nasema huyu mzee ana roho gani.

Nilipopata nafasi nilipanda Matombo. Nilimkuta mama barazani kwa mjomba anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine haijambo?"

Karibu naye palikuwa na kikapu, na ndani yake madonge ya uzi mweupe. Alikuwa amelifumua gauni lote.

"Mwambie baba yako hivi," alisema bila kuacha kumenya. "Ningetaka ife, ningeiacha vumbi liile. Nilikuwa naamka kabla yenu kuipangusa."

Nikashuka na maneno hayo, nikampa baba kama yalivyo. Akaniomba niyarudie, nikayarudia. Jioni tulipofunga alizima mashine, akakaa nayo, kila mara akiweka kiganja nyuma yake kuona kama imepoa. Ilipopoa akatoa khanga ya mama iliyokuwa imebaki nyuma ya mlango, akaifunika. Kufunika hakukuwa na ubaya wowote ikiwa imezimwa. Tungeweza kulivua gauni asubuhi na kulivalisha jioni, tukaishi. Nililia palepale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Ijumaa ile baba akafunga ofisi, tukapanda wote wawili. Yeye, aliyeapa hatakaa kwa shemeji zake, alikaa kwenye benchi la nje kwa mjomba, amebana magoti, anasubiri. Mama alitoka na chakula, akamtengea.

"Mashine umemwachia nani?" aliuliza.

"Nimeifunika."

"Imezimwa?"

"Imezimwa, imepoa. Nimeifunika na khanga yako." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mke wangu."

Mama alimsogezea maji ya kunawa. "Khanga haifiki nyuma," alisema, akaingia ndani kufunga mzigo.

Alirudi nasi mjini. Walizungumza, walikula pamoja, na jirani akasema mambo yamekwisha. Lakini ule uzi hakuufuma tena. Na kila alipotaka kuingia chumba cha mbele, kuleta chai au kuchukua kitu chake mwenyewe, alisimama kwanza kizingitini.

"Hodi," alisema.

Ni nyumba yake. Baba aliyekuwa anaogopa ugeni wa Matombo aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo mkononi, akasimama, akajibu, "Karibu." Miaka yote waliyobaki nayo ile mashine, sikusikia mama akiingia mle bila kusubiri jibu hilo.