Mwanamke Aliyekuwa Kifuani mwa Mzee

Hapana, sikuwa nimelala, na pombe niliacha siku nyingi. Ilikuwa saa nane mchana, hapa hapa Kagongwa, jua linawaka. Ukiona naongopa, kamuulize Milembe, mke mwenzangu, ingawa huyo ukimuuliza jambo anaanza kwanza kulia.

Mume wetu alipokuwa anaumwa, hospitali walimpiga picha ya kifua, vipande vipande, kama mkate wa slesi. Mjukuu wangu Kabula, fundi wa kompyuta, akavipanga upya vikawa kifua kizima, unakiingia kwa miwani mikubwa ya kufunika uso. Marehemu mwenyewe alimruhusu. Mwanzoni mashine hiyo ilikuwa nzito. Ukigeuza shingo, picha inakuja nyuma yako kama ng'ombe mgonjwa. Nilitapika. Kabula na kisauti chake cha mjini: "Bibi, sasa nimeipa kasi. Palipo patupu inaruka, na inachora vizuri pale tu jicho lako linapotazama."

Haya, nikavaa. Kweli, nageuka nayo inageuka. Mbavu juu yangu kama paa la nyumba ya msonge. Nikageuka ghafla, na chini ya moyo amekaa mwanamke, amenipa mgongo, anasuka nywele. Niamini. Kumbe siku zile mashine ilipokuwa nzito alikuwa anapata muda wa kujificha.

"Bibi, hapo ni hewa tupu," Kabula akasema. "Mashine haichori kitu hapo."

Hewa inasuka nywele?

Nikajua ni Milembe. Tangu msiba tunagombania nafasi ya kando ya kaburi la mzee, nani atalazwa pale, kumbe mwenzangu bado mzima ameshahamia kifuani. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Alikuwa amekaa pale pale kando yetu, nikamtupia miwani: "Jitazame ulivyokaa kwa raha."

Akavaa. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Hee, dada, mbona huo mgongo ni wako?" Halafu akaivua miwani upesi. Nikajua yule mwanamke amegeuka.

Hatujagombana tena kuhusu ile nafasi. Majani yamejaa pale, hakuna anayeyang'oa. Na wewe mwenye mume, ukiletewa miwani hiyo, mtazame mumeo usoni, inatosha. Ndani usiingie. Mimi mwenyewe siku ile nilitaka kurudi nimwone sura, Milembe akaikumbatia miwani, akasema:

"Acha, dada. Si wewe, wala si mimi."