Mwanafunzi wangu alinipigia simu nimwongelee Kiswahili kwenye jaribio la kazi, nikakataa kupokea

Habari za mchana wakuu.

Hii siyo chai. Nasimulia kama ilivyotokea, na anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Nafundisha Kiswahili watu wazima hapa Kampala, kila Jumamosi, kwenye chumba cha kukodi Bukoto. Kwetu ni Lubaga, ukoo wa Waislamu ambao mababu zao walikuja huku na biashara kutoka pwani, kwa hiyo hii lugha nimeikuta nyumbani.

Kufundisha siyo tatizo. Tatizo ni kwamba wanafunzi wangu wanataka nijifunze kwa niaba yao!

Nimewaambia kila mtu achague mwenyewe anachotaka kuweza kusema, atafute wa kuongea naye mtaani, akirudi atueleze kilichomshinda. Hakuna aliyefanya. "Ssebo, wewe tupe notes, sisi tutasoma." Ssebo ndiyo "bwana" ya Kiganda. Ukiwapa, wanazikunja vizuri, wanatia kwenye begi, basi.

Nimechoka wakuu.

Sasa kuna huyu Nakato. Mama wa watoto wawili, mchangamfu, saluni aliyokuwa anafanyia kazi ilifungwa. Akapata jaribio kwenye duka la vitenge Nateete, ambako wateja wengi ni Wakongo. Bosi akamwambia wazi: Jumatatu nakuangalia, ukishindwa kuongea na wateja naweka mtu mwingine.

Dawa ya Nakato kwa Kiswahili ni simu. Akikutana na mtu, ananipigia, anaweka loud speaker: "Mwalimu, ongea naye."

Nimeshanunua maharage hivyo. Nimeshagombana na fundi viatu. Nimeshampa pole Mkongo aliyefiwa, simjui hata jina.

Nikamwambia, Jumatatu usinipigie. Akacheka, alidhani natania.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Nakato. Ikakatika, ikaita tena.

Roho iliniuma, siwadanganyi. Nilijua mteja amesimama pale na bosi anatazama. Nikipokea, leo kaokoka. Na kesho? Nitakaa kwenye simu yake mpaka astaafu?

Nikaizima kwa hasira.

Wiki nzima hakupiga tena. Jumamosi akaingia darasani kachelewa, hakusalimia. Wanaowajua Waganda wataelewa: huyu ni dada ambaye siku zote hupiga magoti kunisalimia.

Akaanza:

"Mwalimu, wewe mutu mubaya! Mimi napiga simu, wewe nafunga! Mama ya Congo nasimama hapa, bosi nasimama pale, mimi natoka jasho! Mama nasema hana time, nataka kwenda. Mimi nashika yeye mukono, nasema hii haitoki langi, hii ya arusi, hii ya kanisa! Yeye nasema punguza. Mimi nasema hapana, mama, wewe nataka mimi nalala njaa? Yeye nacheka, nanunua tano! Kazi nimepata, lakini wewe, ssebo, wewe mubaya sana!"

Makosa mpaka kichwa kinauma. Lakini hakuna aliyemwanzishia hata neno moja, na mwenyewe hakugundua. Alikuwa amenikasirikia tu.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikawageukia wenzake, nikidhani sasa wameelewa ninachowapigia kelele kila Jumamosi.

Okello, askari wa getini kwenye kampuni ya ulinzi, akanyoosha mkono:

"Mwalimu, hii ya Nakato itakuja kwa mtihani?"

Wakuu, darasa langu halina mtihani. Halijawahi kuwa nao.

Nilichojifunza: mwanafunzi akijua upo, hasemi. Kuna siku inabidi usiwepo, hata kama atakuchukia. Nakato anauza vitenge vizuri tu, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya mdomo, magoti hakuna.

Walimu wa lugha mliomo humu, nyie mnafanyaje? Na mnaoona nilikuwa katili, uwanja ni wenu, nipigeni mawe. Ila msiniulize mseme nini.